Mihogo ya Siku Mbili

Jamani, ninyi mnaoshika funguo za stoo za shule siku hizi, nimesikia mnanitaja. Juzi alikuja hapa nyumbani mwalimu mmoja kijana na daftari lake, akaketi kwenye kiti changu kizuri bila kukaribishwa, akasema, "Mama Agata, tunaambiwa ulilisha wasichana tisini wakati wa vita na hakuna aliyerudishwa kwao kwa sababu ya njaa. Utufundishe." Nilimpa chai kwanza. Halafu nikamwambia kwamba habari hiyo ina uongo ndani yake, na mwenye uongo ni mimi, kwa sababu nimeiacha itembee miaka yote hii.

Basi nitawafundisha. Ujanja wangu wote nitawapa bure, maana sina jiko tena la kuendesha. Lakini mtaupokea pamoja na ile sehemu nyingine ambayo hakuna anayeniuliza. Asiyetaka kuisikia anaweza kuondoka na ujanja wa sabuni tu.

Tuanze na hiyo sabuni. Usimpe mwanafunzi sabuni ikiwa mbichi. Kata mche kwa waya, panga vipande kwenye rafu, viache vipigwe na hewa mwezi mzima mpaka viwe vigumu. Sabuni mbichi inayeyuka mkononi, kavu inakwenda karibu mara mbili. Chumvi iyeyushe kwenye maji uiweke katika chupa, hapo hakuna mpishi atakayeificha kwenye pindo la kitenge. Shuka likichakaa katikati, lichane kwa urefu, ugeuze zile kingo nzima zije katikati, ushone. Gauni la sare liwekee pindo la viganja viwili, ulishushe kila mwaka msichana anaporefuka. Kuna msichana alivaa gauni moja kwangu miaka minne, na siku anaolewa alinitania kwamba atalishusha tena avae kanisani.

Maharage yachemshe vizuri, kisha ondoa chungu motoni ukizike ndani ya sanduku lenye majani makavu na blanketi kuukuu. Yataiva yenyewe wasichana wakiwa darasani, na kuni zinabaki. Nimesema yachemshe vizuri. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikayatia sandukuni baada ya povu la kwanza tu. Mchana ule darasa la kushona lilibaki na mtawa peke yake na cherehani zake, wengine wote walikuwa wanapanga foleni chooni. Wanawake wazima wenye wajukuu bado wananisimamisha sokoni kuniuliza habari za lile sanduku.

Mnaona, tunacheka. Hilo lilikuwa kosa linalopita kesho yake.

Shule yetu ilikuwa ya watawa, pembeni mwa Elisabethville, mji huu mnaouita Lubumbashi, upande wa kwenda Kasungami. Wasichana waliingia na miaka kumi na miwili hivi, wakalala palepale, wakajifunza kusoma, kushona na kupika. Wale wenye akili walitoka wakiwa walimu wa watoto wadogo. Monitrice, ndivyo walivyoitwa, na msichana aliyeitwa hivyo alitembea katikati ya njia hata kama kuna matope.

Mimi nilisoma hapo kidogo, kisha wakanibakiza jikoni. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga wakifuata kazi ya reli, na mimi nimezaliwa kambini, nikakua kwa posho. Kila wiki tulikwenda na gunia letu: unga wa mahindi, maharage, samaki mkavu, vyote vimepimwa. Kwetu chakula kilikuwa kitu kinachotoka kwenye gunia. Sikuwahi kumwona mama yangu akichimba muhogo, wala mimi sikuwa nimeushika nikiwa mtoto. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililonifanya niwe hodari wa mizani na mjinga wa chakula.

Mkubwa wa jiko alikuwa Mama Kyabu, mwanamke wa Lukafu, mnene, mchache wa maneno. Yeye hakujua kusoma, na ile mizani yetu aliiita saa ya unga, kwa sababu ilikuwa na mshale. Alionja kwa mgongo wa mwiko. Alijua kuni kwa mlio wake. Nilikaa naye miaka sita, na karibu kila kitu mnachonisifia nilikipata kwake, isipokuwa kimoja ambacho nilikitunga mwenyewe.

Juu yetu wote alikuwa mtawa mwenye funguo za stoo, tuliyemwita Ma Sœur Économe. Mwembamba, shela lake lina viraka, na alikula kidogo kuliko msichana mdogo kabisa wa shule. Nasema hivyo mapema ili msije mkamtafutia yeye kosa. Mimi mwenyewe nilijaribu kumtafutia, kwa miaka, na sikufaulu.

Vita vya Wazungu vilipopamba moto, unga wa mahindi ulianza kwenda kwanza kwenye makambi ya migodi, na shule zikapata uliobaki. Asubuhi moja Ma Sœur Économe aliniita stoo, akanionyesha magunia kwa kidole. Hayakutosha hata kumficha paka.

"Agata, hii itaenda wiki tatu," akasema. Alisema Kiswahili cha kanisani, polepole. "Mère Supérieure, mkubwa wetu, amekata shauri. Kama hatuoni njia, darasa la kwanza watarudi kwao. Thelathini. Elles sont les plus petites, ndio wadogo kabisa, watangojea vita iishe."

Vita ilikuwa haijui kuisha. Na katika hao thelathini alikuwamo Monika.

Monika alikuwa binti wa dada yangu mkubwa, Kristina, aliyeolewa na mkulima kule Lukafu. Dada yangu alikuwa amezaa watano na kuzika watatu. Alimleta Monika mwenyewe, kwa miguu na kwa lori, akaniwekea mkono wake mdogo ndani ya mkono wangu mlangoni pa shule, akaondoka bila kugeuka kwa sababu angegeuka angelia. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyekuwa amefika hata darasa la tatu. Huyu alikuwa na akili ya hesabu ya kutisha. Alihesabu kila kitu: ngazi za kanisa, nguzo za ua, chakula kwenye sahani yake. "Mama mudogo," aliniambia siku moja kwa siri, "leo ulinipa maharage makumi mbili na tatu. Jana ilikuwa makumi tatu na moja. Nilikukosea nini?"

Akirudishwa Lukafu hangerudi tena shule. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Angeolewa kabla vita haijaisha.

Sasa, chakula kilikuwapo, lakini ardhini. Shule ilikuwa na mashamba Kasungami, na humo watawa walipanda muhogo mchungu, kwa sababu nguruwe pori hawaugusi na mwizi haendi nao mbali. Ulikuwa mwingi sana. Mama Kyabu aliutumia siku moja moja tu, kwa sababu ya mapipa. Muhogo mchungu lazima ulale ndani ya maji mpaka ulainike. Miezi ya joto ni siku nne. Miezi yetu ya baridi, wa sita na wa saba, maji yanapokuwa yanauma vidole, unaweza kuchukua siku sita au hata saba. Tulikuwa na mapipa sita tu. Na Mama Kyabu hakuhesabu siku. Aliingiza mkono, akabonyeza kwa kidole gumba, akanusa, na kama hakuridhika alifunika pipa akaenda zake, hata kama wasichana tisini wanagonga sahani.

Mimi nilikaa uani na kijiti nikapiga hesabu mavumbini. Muhogo ukikaa siku mbili badala ya sita, mapipa yaleyale yanatupa chakula mara tatu. Tuumenye kwanza, tuukate vipande vyembamba ili maji yaingie upesi, tuuanike juu ya mabati, tuutwange, tuuchanganye nusu kwa nusu na unga wa mahindi. Bukari, ugali wetu, inatosha wote. Hakuna anayerudi kwao. Nilirudia ile hesabu mara tatu na kila mara ilikuwa sawa. Mpaka leo, ukiipiga, ni sawa.

Siku ya kwanza tunavitoa vile vipande, Mama Kyabu alikuja akachukua kimoja, akakibonyeza. Hakikubonyea.

"Agata, hii iko ngumu. Uirudishe mu mayi."

"Mama, tulikata midogo-midogo. Siku mbili inatosha."

"Nani njo alikuambia inatosha?"

"Hesabu, Mama."

"Ah. Na ile hesabu yako, ilisha kubonyeza huu muhogo?"

Wasichana wa zamu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwenye aproni nyeupe na maandishi mazuri, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Ma Sœur Économe nikasema kwamba Mama Kyabu anapika kama kijijini, anashikilia mapipa, na kwa ajili ya ukaidi wake watoto thelathini watafukuzwa. Alinisikiliza. Aliiona hesabu yangu, na alikuwa na hamu ya kuiamini kama mimi. Kesho yake Mama Kyabu alipelekwa kufua nguo. Alivua aproni yake, akaikunja, akaniwekea mezani.

Nilipata pia akiba ya pili, na hii nayo ni yangu. Samaki wakavu wa Luapula tuliokuwa tukiwapika mara tatu kwa wiki, niliwaweka Jumapili tu. Maharage nayo nikayapunguza. Nilisema tumbo likijaa bukari halitauliza habari za samaki.

Basi, ilifaulu. Mwezi ukaisha na darasa la kwanza likabaki. Mère Supérieure alitaja jina langu mbele ya shule nzima wakati wa chakula, na wasichana wakapiga makofi. Niliona furaha ambayo sijawahi kuiona tena. Siwadanganyi kuhusu hilo pia.

Lakini tangu wiki ya pili walikuwa wameanza kulalamika. "Mama Agata, bukari iko uchungu." Niliongeza chumvi. "Mama Agata, kisha kula kichwa inanizunguka." Niliwaambia wakalale mapema. Mmoja alitapika na nikamwita mwenye madaha. Monika hakulalamika mbele ya wenzake. Alinifuata nyuma ya jiko akasema tumbo linamuuma kila baada ya chakula, na mimi nikamwambia, "Weye ni mutoto wa dada yangu. Ukisema mbele ya bantu bukari yangu ni mubaya, bengine batasema nini?" Alitikisa kichwa kwamba amenielewa. Tangu hapo hakuniambia tena idadi ya chochote.

Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali, asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda. Siku moja tuliwapeleka wasichana Kasungami kuchimba na kubeba, wakarudi na mizigo kichwani, wamechoka, wakala, wakalala. Asubuhi kengele ilipolia, nikaitwa chumba cha kulala kwamba mtoto wangu hataki kuamka.

"Amuka, Monika. Kengele ilisha kulia."

"Mama mudogo, miguu inakatala."

Niliona ananiaibisha tena. Nilimshika mkono nikamvuta kwa nguvu, nikamsimamisha. Alisimama juu ya vidole tu. Visigino havikutaka kushuka, magoti yakagongana, mapaja yakatetemeka, akaniangukia, kisha akaangukia chuma cha kitanda. Hakulia. Hakuwa na homa, wala maumivu. Aliitazama miguu yake, akaipiga kidogo kwa kiganja, moja, halafu nyingine, kama mtu anayeamsha mtoto. Nilimwambia asijifanye. Ndiyo, hilo nalo nililisema.

Wiki ileile walianguka wengine wawili, namna ileile. Daktari wa Kizungu alikuja, akawagonga magoti kwa nyundo ndogo, miguu ikaruka. Hakujua ni nini. Akasema huenda ni ugonjwa wa kuambukiza, watengwe, sakafu ioshwe kwa chokaa. Tukawaweka chumba kidogo karibu na kanisa, na mimi nikaomba niwahudumie, kwa sababu wa kwangu alikuwa mmoja wao.

Mama Kyabu alikuja humo na shuka safi. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa namlisha Monika. Aliweka shuka, akashika kisigino cha Monika, akajaribu kukisukuma chini kwa upole. Akatoka. Akarudi na unga wangu ndani ya kiganja, akanusa, akauweka kwenye ulimi, akatema ndani ya kitenge chake.

"Kule kwetu Lukafu kulikuwa mwaka ya njaa," akasema. "Nilikuwa mutoto. Mayi ilikosekana, bantu bakakula mihogo yenye haikulainika. Dada ya baba yangu alibaki hivi, mupaka siku ya kufa kwake. Hii haiambukizake, Agata. Ni mihogo yako."

"Daktari alisema—"

"Daktari anakulaka mikate."

Alichukua shuka chafu akaenda. Monika alikuwa amesikia kila neno. Nilimpa kijiko kilichofuata na akakipokea.

Sasa fikeni hapa, wanangu, maana hapa ndipo ninapowaleta. Kile nilichokifanya kabla ya Alhamisi ile nilikifanya kwa ujinga na majivuno, na labda Mungu ana dawa yake. Lakini baada ya Alhamisi nilijua. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikwenda kwenye mapipa nikaingiza mkono, kwa mara ya kwanza nikabonyeza kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa miaka sita, na muhogo ulikuwa mgumu kama mti. Nikautoa. Nikauanika. Siku iliyofuata hivyohivyo.

Siku tisa.

Nilijiambia darasa la kwanza litarudishwa. Nilijiambia daktari amesoma kuliko mwanamke wa kufua. Nilijiambia nitangoja Jumapili, samaki wataliwa, mambo yatatulia. Hayo yalikuwa maneno tu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimepigiwa makofi, na sikuweza kuwaza jinsi nitakavyoingia ofisini kwa Ma Sœur Économe na kusema kwamba ni mimi.

Siku ya tisa, Jumamosi, msichana mmoja jina lake Tekla, binti wa mtu wa reli kama mimi, alikuwa anatoka kisimani na ndoo. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Nilimwona akianza kutembea kwa vidole. Alijaribu kuishika ndoo isimwagike, na aliishika hadi chini.

Nilikwenda ofisini nikiwa bado na unga mikononi. Nikasema yote, habari za siku mbili, za samaki, za Mama Kyabu na shangazi yake. Ma Sœur alisimama.

"Unajua tangu lini?"

"Leo, Ma Sœur."

Alifunika mdomo. Alitoka nje mwenyewe, akakunja mikono ya kanzu yake, akaingiza mkono ndani ya pipa la maji ya baridi akabonyeza kipande kimoja, cha pili, cha tatu. Aliendelea kubonyeza mpaka nikashindwa kutazama. Halafu akasema, kwa Kifaransa, kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi kwenye ile hesabu, na kwamba atajibu mbele ya Mungu. Nilimwacha aamini hivyo. Alirudi kwao Ulaya miaka mingi baadaye, na nina hakika alilibeba kosa langu lote pamoja na lake.

Daktari alipoandikiwa alijibu kwamba chakula hakiwezi kuua miguu. Hata hivyo muhogo ukarudishwa majini siku zake zote, Mama Kyabu akarudishwa jikoni, na unga ukaisha kama ulivyokuwa uishe tangu mwanzo. Wasichana thelathini wa darasa la kwanza walirudishwa kwao. Isipokuwa watu waliambiwa wamerudishwa kwa kuogopa ugonjwa. Ndiyo maana mwalimu wenu kijana aliweza kuja kwangu akasema hakuna aliyerudishwa kwa njaa. Akiba yangu yote ilinunua wiki saba za darasa moja, kwa miguu ya wasichana wanne.

Nilifanya kazi chini ya Mama Kyabu miaka minane tena. Hakunitajia jambo lile hata mara moja. Alinifundisha tu upya, kama mtu aliyeingia jikoni jana. Basi andikeni, ninyi mlioleta madaftari. Muhogo mchungu uache majini mpaka kidole gumba kiingie bila kusukuma. Ukiuvunja, uzi wa katikati utoke wenyewe. Kama ni mwezi wa baridi, ngoja. Kama mapipa hayatoshi, ombeni mapipa, pigeni kelele, mwende hata kwa mkubwa wa wakubwa. Usiguse samaki wala maharage ili kufidia, kwa sababu nesi mmoja aliniambia baadaye kwamba sumu ya muhogo ule inamshinda zaidi mtu asiyekula vyakula hivyo. Na mtoto akisema chakula ni kichungu, onja wewe kabla ya kumjibu. Mimi nilikuwa nakula kwenye chungu cha watawa.

Chokaa ilipokauka sakafuni, wasichana wanne nao wakaambiwa wapelekwe kwao. Monika nilimpeleka mwenyewe. Tulipata lori la kwenda Lukafu, tukakaa nyuma juu ya magunia, fimbo zake mbili magotini. Kisha nikamwona anakunja vidole.

"Mama Kyabu alikuja siku ya ine," akasema. "Tekla alianguka siku ya posho, mu wiki ingine."

Siku ya ine ni Alhamisi, na siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu sisi watoto wa kambi, jina alilolipata kwangu.

"Ndiyo."

"Ni siku tisa."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa."

Hakuniuliza nilikuwa naogopa nini. Alitazama miti inavyopita mpaka tulipofika.

Dada yangu alikuwa shambani. Walimwita, akaja mbio na udongo mikononi, akasimama mbali kidogo. Monika alikataa kubebwa. Alishuka lorini kwa mikono, akachukua fimbo zake, akatembea kwenda kwa mama yake juu ya vidole, magoti yakisuguana, hatua kwa hatua, mpaka alipofika.

Dada yangu alimshika uso. Halafu akanigeukia. "Agata, ni nini ilimukamata mutoto yangu?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nitasema.

"Ni ugonjwa ya kule ku masomo, mama," Monika akasema. "Bengine pia balishikwa. Mama mudogo njo alikuwa ananilisha kila siku. Alikuwa ananinawisha yeye mwenyewe."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Dada yangu akapiga magoti mbele yangu, yeye mkubwa kwangu mdogo, akapiga makofi taratibu jinsi tunavyoshukuru kwetu. "Aksanti, mudogo yangu. Bila weye angekufa kule."

"Simama, Yaya," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Simama, tafazali."

Sikusema kingine. Alichinja kuku aliyekuwa anataga, mmoja tu aliyekuwa naye, akaniwekea mapaja yote mawili. Nilikula, Monika akiwa amekaa mbele yangu, miguu yake imenyoshwa kwenye mkeka. Kila mwaka baada ya hapo, mpaka alipokufa, dada yangu alinitumia kuku kwa lori, miguu imefungwa kwa kamba, na salamu za shukrani. Wote niliwapokea.